Mrejesho: Vetiva kwenye tuta la barabara, Lushoto

Wakuu, niliwauliza namna ya kuzuia tuta la barabara ya kijijini kwetu Lushoto lisimomonyoke kila masika. Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema vetiva, ile nyasi ya mizizi mirefu inayoshika udongo: mvua zilipoanza tukapanda mistari inayokinga mteremko, sentimita 15 kati ya shina na shina. Imeshika kweli. Udongo umejikusanya nyuma ya kila mstari kama ngazi, na mtaro hauzibi tena. Ila pale kalavati linapomwaga maji pamesombwa pote, mizizi ikabaki inaning'inia. Hapo fundi anapanga mawe kwanza, ndipo turudishie miche. Matete sikupanda, ng'ombe wa jirani wangeshinda tutani. Mbuzi nao waliionja vetiva ikiwa changa. Ilipokomaa wakaachana nayo.