Wenye mikahawa ya familia, tupeane uzoefu: ndugu zako wa jikoni unawalipaje?

Binti wa Tanuri, Nakuru

Hamjambo wenzangu. Nina jambo ambalo kwetu lilinyamaziwa miaka mingi mpaka likatutenga, na naamini siko peke yangu.

Familia yetu ina mkahawa wa chakula cha Kiitaliano hapa Nakuru. Meza kumi na moja, tanuri moja la kuni. Aliyeuanzisha ni marehemu baba. Tangu miaka ya 1980 alikuwa mpishi wa familia moja ya Waitaliano kule Malindi, mji ambao hata wauza vinyago wa ufuoni wanazungumza Kiitaliano. Aliporudi huku bara alikuwa anajua kukanda unga wa piza, kupika sosi ya nyanya bila kuizamisha kwenye viungo, na kumweleza mteja kwa heshima kwamba tambi zimeiva, ila huliwa zikiwa na ugumu kidogo ambao jino linauhisi. Miaka ya kwanza wateja walizirudisha jikoni, naye akizipokea bila kununa.

Mama alikaa kaunta. Mimi niliosha vyombo tangu darasa la sita. Mdogo wangu wa kiume alipomaliza kidato cha nne akaingia kwenye tanuri. Hakuna kati yetu aliyekuwa na mshahara. Ukitaka nauli unamwomba mama, ukitaka viatu unamwomba mama, naye anafungua droo. Tuliona huo ndio upendo, na kwa kiasi fulani ulikuwa upendo.

Baba alipofariki mkahawa ukaja mikononi mwangu, nami sikubadilisha kitu. Tarehe 26 Machi 2021 serikali ikafunga kaunti tano, Nakuru ikiwemo. Chakula kikawa cha kufungiwa tu, kafyu saa mbili usiku. Wahudumu niliwapa nusu mshahara, maana niliwaonea huruma. Mdogo wangu sikumpa kitu, maana ni wetu. Wiki zote tano alilala mkahawani akilinda vyombo na kukanda unga wa zile oda chache za boda boda. Hakusema neno. Mwaka uliofuata akaajiriwa hotelini Naivasha. Alimuaga mama, mimi hakuniaga.

Hapo ndipo nilipojua alikuwa amebeba nini. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, unga unaumuka upesi kuliko kitabu kinavyosema, lakini usiku wa Julai ni baridi na unga uleule unalala kama jiwe. Yeye alikuwa anaubonyeza kwa kidole tu na kujua. Piza ya Kinapoli inataka tanuri la nyuzi 430 kwenda juu, iive kwa sekunde 60 hadi 90. Hatukuwahi kuwa na kipimajoto. Alikuwa anaangalia paa la ndani: likiwa jeusi, bado, masizi yakishaungua paa likawa jeupe, tayari. Sikuwahi kumuuliza. Miezi miwili nilitoa piza zilizoungua chini na mbichi juu, na wateja wa miaka kumi wakaacha kuja.

Kwa hiyo nauliza kwa moyo wote. Wewe uliye na mkahawa wa familia, uwe wa piza au wa samaki, ndugu zako unawalipaje? Na kama hamlipani, mnaishije bila kinyongo?

Mke wa Milimani, Kisumu

Pole sana dada. Mimi na mume wangu tunauza tambi na piza hapa Kisumu, na shida yetu ilikuwa shemeji, si wa jikoni bali wa samaki. Yeye ana mashua Dunga. Alituletea mbuta kila asubuhi, akichukua pesa siku akizihitaji. Hakuna aliyeandika. Mwisho wa mwaka yeye anaamini tunamdai kidogo na sisi tunadaiwa sana, sisi tunaamini kinyume chake, na kila upande unaapa.

Mama mkwe ndiye aliyekata maneno. Alisema samaki apimwe kwenye mizani mlangoni, alipwe kwa M-Pesa kabla mwana wake hajapanda pikipiki. Akitaka kutupa zawadi, alete nyumbani Jumapili, asilete mkahawani. Tangu siku hiyo tunacheka tena. Sharti hilo la milango miwili, wa biashara na wa nyumbani, limetufaa kuliko ushauri wowote.

Lakini sikubali kwamba kila kitu kinalipika. Ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea nchi nzima, ilikuwa Ijumaa na meza zote zimejaa. Tanuri letu la kuni halikujua habari ya stima. Wahudumu wawili waliomba kuondoka, wana watoto wadogo na mitaa ilikuwa giza, nikawaruhusu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia tu, akavua viatu, akashika taa ya sola na kusimama kwenye mlango wa jikoni akitumulikia mpaka saa sita. Watoto wakabeba sahani. Kazi kama ile utaiandikia risiti gani?

Kijana wa Iten

Naheshimu mliyosema, ila kwetu mshahara wa kila mwezi ungetuua. Wateja wetu wakubwa ni wakimbiaji, wa hapa na wanaotoka Ulaya kuja kufanya mazoezi ya nyanda za juu. Wakiwepo wanakula tambi asubuhi na jioni, wakiondoka kwenda mashindano unakaa na meza tupu. Mwezi wa neema na mwezi wa njaa havifanani.

Sisi ni ndugu wanne. Kila baada ya miezi mitatu tunakaa na dada yetu mkubwa, tunatoa kodi, bidhaa na karo, kinachobaki tunagawana mafungu matano. Fungu la tano ni la mkahawa wenyewe, halikopwi. Mshahara hatuna, lakini hakuna anayeomba pesa ya viatu. Kila mtu anakijua chake hata kikiwa kidogo.

Mhasibu, Kakamega

Nimetunza vitabu vya mikahawa kwa muda, nikuambieni ninachokiona.

Chukua mfano. Unauza piza shilingi 900. Unga, jibini, nyanya na mafuta ni 350. Kuni na gesi 40. Kodi ya nyumba, maji na stima 200. Wahudumu 180. Unabaki na 130, unafurahi kwamba ni faida. Ukiuza piza 25 kwa siku hiyo ni 3,250. Sasa wapo mama kwenye kaunta, wewe na mdogo wako tanurini. Mpe kila mmoja 1,000 kwa siku, kiasi ambacho mgeni angekudai. Umebaki na 250. Ile faida uliyokuwa ukiiona karibu yote ni mshahara wa mama, wako na wa mdogo wako, ulikuwa unamuuzia mteja kwa bei nafuu. Mteja hakukuomba hivyo, na kijana hakuulizwa.

Ndiyo maana nasema andika hata kama huwezi kulipa. Mwezi umekuwa mbaya? Andika kwenye daftari: fulani, 26,000, haijalipwa. Deni lililoandikwa mtu hulivumilia. Lisiloandikwa hukua kichwani mwake kila siku na huwezi kuliona.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu na zaidi iwe na mkataba wa maandishi, mfanyakazi apumzike angalau siku moja katika saba, na apate likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Wengi wakinijibu husema, "Huyu ni mtoto wangu, si mfanyakazi." Nawauliza: lini mara ya mwisho mtoto wako alipumzika Jumamosi?

Kijana wa Iten, njia yenu naipenda. Mmeandika, mmegawana, na mnajua fungu. Hiyo si sawa na droo ya mama.

Aliyeondoka, Bungoma

Mimi ndiye yule mdogo, kwenye mkahawa mwingine. Wazazi wangu wana hoteli ya chakula cha kawaida, ugali na kuku, na mimi ndiye niliyeongeza tambi na polenta kwenye menyu baada ya kusoma upishi. Polenta nanyi mnajua ni ndugu ya ugali, ya unga wa mahindi ya njano huko kaskazini mwa Italia, laini zaidi. Nilijivunia. Baba aliwaambia wateja, "Ni mwanangu aliyepika."

Sikuondoka kwa sababu ya kiasi cha pesa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nilikuwa naenda kwa kina mchumba wangu kujulishwa, nikaomba shilingi 500 za kinyozi. Baba akaniuliza mbele ya wahudumu, "Za nini tena?" Hakukusudia ubaya, ndivyo anavyouliza kila matumizi. Nilizipokea, nikanyolewa, nikaenda ukweni. Lakini kule kote nilikuwa najiuliza, nitamlisha vipi binti wa watu kama siwezi kunyoa bila kueleza?

Dada wa Nakuru, usimtumie kaka yako ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Mpelekee hesabu.

Mke wa Milimani, Kisumu

Hapo kwa kinyozi nimelia. Mume wangu nimemsomea.

Binti wa Tanuri, Nakuru

Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimesoma kila neno, mengine mara tatu.

Nilianza na mama, kwa kuwa droo ilikuwa yake na sikutaka ahisi anashtakiwa. Nilienda nyumbani Njoro, nikamkuta anasukuma tambi. Nieleze kidogo hapa. Mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika karibu shilingi 160, tambi za pakiti zinazotoka nje zilitushinda bei. Baba alikuwa amemfundisha mama zile za mayai, ambazo hazihitaji ngano ngumu ya kuagiza: gramu mia za unga wa kawaida kwa kila yai moja, basi. Kwa mayai ya kienyeji zinatoka za manjano hasa. Mama anazisukuma kwa kifimbo cha chapati, kwenye kibao cha chapati, anazikunja na kukata kwa kisu, na sasa ndizo zinazoisha kwanza kwenye menyu. Miaka yote hii hata yeye hajawahi kulipwa. Nilimwambia hivyo. Akanyamaza, akaendelea kukata, kisha akasema, "Baba yenu angeaibika kusikia mnadaiana." Nikamwambia baba alilipwa kila mwezi na wale Waitaliano wa Malindi, na ndizo pesa zilizojenga tanuri. Hilo hakulijibu, lakini alichukua kalamu.

Tulihesabu kwa 15,000 kwa mwezi. Tunajua ni kidogo kwa fundi wa tanuri, lakini ndicho tunachoweza kukisimamia. Tulihesabu miaka mitatu tu, tangu mkahawa uwe chini yangu hadi alipoondoka, miezi thelathini na sita: 540,000. Mhasibu, niliandika kama ulivyosema, karatasi moja, sahihi yangu na ya mama. Nitalipa 15,000 kila tarehe tano, miaka mitatu. Mama naye ameingia kwenye orodha ya mishahara kuanzia mwezi huu, na bei ya piza nimeipandisha kwa shilingi 100. Wateja wawili wamelalamika. Wengine wamelipa.

Nikapanda matatu hadi Naivasha, nikampa karatasi mkononi. Aliisoma yote. Akauliza kwa nini nimeanza kuhesabu pale na si wakati wa baba. Nikamwambia ya baba siwezi kuyalipa, yangu naweza. Tulikaa kimya muda mrefu kidogo. Aliniambia hatarudi, ana kazi nzuri, na nisimwombe. Sikumwomba. Wakati wa kuondoka akauliza kama ule ufa wa upande wa kushoto wa tanuri umeongezeka.

Aliyeondoka, Bungoma

Asante kwa kuturudishia habari. Umeongezeka?

Binti wa Tanuri, Nakuru

Kidogo. Nimempigia picha. Anasema ni plasta tu, si matofali, na nisiwashe moto mkubwa kwa ghafla asubuhi, nianze na vijiti.

Kijana wa Iten

Dada, swali dogo pembeni. Penne, zile tambi fupi za mrija, za pakiti zilizoandikwa dakika 11 nyinyi huko Nakuru mnazipa ngapi? Huku kwetu, karibu mita 2,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, nikifuata pakiti zinatoka na kiini kigumu.

Binti wa Tanuri, Nakuru

Nimemuuliza yeye. Anasema Nakuru alikuwa anatoa kwenye dakika ya 13, na huko kwenu uanze kuonja ya 14. Maji yawe mengi, chumvi itiwe yakishachemka, na usifunike sufuria ukaenda mbali.