Ushauri: je, dawa ya kusafisha figo inafaa kwa mwenye maumivu ya mgongo?

Motari wa Kadutu
Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Nina miaka 36, nabeba abiria kwa pikipiki kati ya Kadutu na Kavumu. Kwa miezi kadhaa kiuno kimekuwa kikiniuma, na tangu wiki mbili zilizopita mkojo umepungua, unatoa povu lisilotoweka upesi, nao uso huamka umevimba. Muuzaji mmoja wa dawa za miti sokoni ameniambia kwamba figo zangu zimejaa vumbi la barabarani, na kwamba chupa 3 za dawa yake, kwa dola 40, zitazisafisha. Je, kuna aliyewahi kuitumia? Nina watoto 4, naogopa sana.

Mwalimu wa Nguba
Kabla ya yote, elewa kwamba figo ndizo zinazosafisha, wala vumbi la barabarani haliingii humo. Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni 1, na kila kichujio huanza na kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji, yaani bidoni 9 za lita 20, kisha vijirija vinavyofuata hurudisha mwilini karibu yote, pamoja na sukari na sehemu kubwa ya chumvi, hata ikabaki lita 1 au 2 tu ya kushuka hadi kwenye kibofu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka niwapangie bidoni hizo uani. Povu lisilotoweka mara nyingi ni protini, ambayo kichujio kizima hakiiruhusu kupita.

Mama wa Bagira
Pole sana, baba. Mume wangu alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka, asipimwe hata mara moja, kwa sababu hakuna mahali palipomuuma. Alipoanza kupungukiwa damu tulimpa sharubati ya madini ya chuma bila mafanikio. Baadaye tukaelezwa kwamba figo ndizo zinazotoa homoni ya kuamuru uboho utengeneze damu, na zake zilikuwa zimechoka. Alifariki mwaka juzi. Ninyi wanaume husubiri hadi mguu ukatae kuingia kwenye kiatu, nasi tunabaki na watoto.

Muuguzi wa Ibanda
Motari, umetuuliza kuhusu dawa ambayo hujainywa. Je, kwa hicho kiuno unameza nini sasa?

Motari wa Kadutu
Nameza diklofenaki, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi 5 sasa. Sikuitaja kwa sababu inauzwa wazi katika kila famasi, na bila hiyo siwezi kuhimili mashimo ya barabara nikiwa na abiria wawili nyuma. Maji pia sinywi mchana, maana kusimama kila mara kwenda haja ndogo ni kupoteza wateja. Na kusema kweli, muuzaji nimeshamlipa dola 20. Niziache zipotee?

Muuguzi wa Ibanda
Hilo ndilo ulilopaswa kuanza nalo, kaka. Zaidi ya lita 1 ya damu hupita kwenye figo kila dakika, na mwili unapokauka, kuna kemikali zinazouacha wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio. Diklofenaki huzuia kemikali hizo. Wewe unajinyima maji, halafu unameza kidonge kinachofunga mlango uleule. Acha vidonge leo, ukapimwe kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo hupaswa kuiondoa, protini ya mkojo na shinikizo la damu. Wala usiongeze mizizi usiyoijua: mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake wengi waliharibikiwa figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene, vilivyokuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia.

Mkaaji wa Muhumba
Mniwie radhi, mimi kisa hiki sikiamini. Mtu amejiunga jana, ametaja bei, idadi ya chupa na soko. Kesho atatokea mwenzake kutuambia kwamba amepona. Dalili zote alizozitaja zinaweza kunakiliwa kutoka bango lolote la kituo cha afya.

Mama wa Bagira
Muuzaji gani angekiri kwamba amemeza diklofenaki miezi 5?

Muuguzi wa Ibanda
Bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, uachie, utueleze unachokiona: shimo likibaki, ni maji yaliyojaa chini ya ngozi.

Motari wa Kadutu
Sina ninachouza. Nimebonyeza, nikaachia, na shimo likabaki hadi nilipofika 25 kwa kuhesabu. Binti yangu mdogo alikuja kulitazama akidhani ni jeraha. Mistari ya soksi nilizovua jana jioni ilikuwa bado kwenye ngozi asubuhi hii. Vidonge 14 vilivyosalia nimempa mke wangu avifiche, na kesho kabla ya saa moja nitakuwa mlangoni mwa maabara. Ila mnielewe kuhusu zile dola 20: muuzaji amekataa kuzirudisha, na chupa ya kwanza iko hapa mezani.

Mkaaji wa Muhumba
Basi itupe, nami nitakuamini.

Muuguzi wa Ibanda
Asiitupe. Kaka, ibebe ikiwa bado imefungwa, umwonyeshe daktari, kisha utuandikie namba ya kreatinini.