Wana wa Bi Rukia: fomu ya Ilham

*JUMANNE*

Maryam 20:04
Assalam aleikum warahmatullah. Familia, fomu ya Ilham ya kuchagua shule za Gredi ya 10 yafungwa Ijumaa. Zatakiwa shule 12. Mimi nshaziandika zote. Someni, kila mtu aseme "sawa", tumalize.

Maryam 20:05
[Picha: SHULE 20 BORA ZA PWANI – KCSE]

Maryam 20:06
Nimeanza na hiyo ya juu kabisa, wastani 8.9 kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Ni ya bweni. Karo tutachanga, kila nyumba 15,000 kwa muhula wa kwanza. Swaleh na Rashid nawasubiri nyinyi hasa.

Maryam 20:33
Naona watu tisa mumesoma.

Hassan 20:41
Waleikum salaam Shangazi. Nimesoma, ila mkono mmoja una mahamri.

Maryam 20:41
Hassan, si wakati wake.

Zuleha 20:44
Mahamri ya saa hizi na mbaazi za nani?

Hassan 20:45
Za yule mama wa Makadara. Zimebaki kidogo, wa Likoni msivuke feri bure.

Zuleha 20:45
Niwekee!!

Maryam 20:47
Jamani IJUMAA. Zainab, mwanao huyu, sema neno.

Hafswa 21:15
Mama, shikamoo. Naomba kuuliza, orodha hii imetoka wapi?

Maryam 21:16
Marahaba. Imetumwa kikundi cha wazazi wa madrasa.

Hafswa 21:22
Na wao wameipata wapi? Haina muhuri wa wizara wala wa baraza la mitihani. Serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nambari 2014, wakati wa Waziri wa Elimu Kaimenyi. Tangu hapo nyingi ya orodha hizi hutengenezwa na watu, wakikusanya yale ambayo kila shule imejitangazia yenyewe. Shule isiyotangaza haimo, na iliyojiongezea nani atajua?

Maryam 21:24
Hata ikiwa ya kukusanya, 8.9 ni 8.9. Nambari haidanganyi.

Hafswa 21:40
Mama, kwa heshima yako, hebu niandike hesabu kama ninavyowaandikia watoto ubaoni.

Kwenye KCSE A ni pointi 12, E ni pointi 1. Wastani wa shule ni pointi za watahiniwa wote zigawanywe kwa idadi yao. Tuseme shule ina watoto 50 kidato cha nne. Arobaini wamepata B- (pointi 8), kumi wamepata D (pointi 3). Jumla ni 350, wastani 7.0.

Sasa mwalimu mkuu awaondoe wale kumi kabla ya usajili. Wamebaki 40 wenye pointi 8. Wastani ni 8.0. Shule imepanda pointi nzima na hakuna mtoto hata mmoja aliyefundishwa zaidi.

Ndiyo maana mtu akiniambia wastani wa shule, mimi huuliza kwanza: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani ni wangapi? Mabango hayaandiki hivyo.

Zuleha 21:43
Mwalimu umetupiga na hesabu usiku huu 😅

Hassan 21:44
Mimi nilikuwa wa pointi 3, naomba nisiondolewe kwenye kikundi.

Zuleha 21:44
😂😂😂

Hafswa 21:52
Na tazameni chini ya picha, wameandika "tumepanda 2022 hadi 2023" kwa herufi kubwa. Mwaka 2023 namna ya kutafuta gredi ilibadilishwa. Zamani Kiingereza na Kiswahili vyote viwili lazima vihesabiwe, pamoja na hisabati na sayansi mbili. Kuanzia 2023 yachukuliwa hisabati, lugha moja, kisha masomo matano mtoto aliyofanya vizuri zaidi. Ni saba vile vile, lakini yale yaliyokuwa yakimvuta chini mengi yaweza kuachwa. Kwa hiyo shule ingeweza kupanda hata walimu wangekuwa likizo mwaka mzima. Kulinganisha miaka hiyo miwili ni kupima kitambaa kwa pima mbili tofauti.

Swaleh 22:47
Kama Idi.

Swaleh 22:47
Hao kumi walioondolewa.

Maryam 22:50
Swaleh, tuzungumze ya Ilham. Yale yalipita.

Swaleh 22:58
Yalipita kwako. 2019 nilikuja kwako usiku, wewe ukiwa kwenye kamati ya wazazi ya ile shule, nikakwambia mtoto ameambiwa akajisajili kituo kingine "asiharibu wastani". Ukanijibu ni mambo ya walimu. Miaka mitatu na zaidi nimelipa. Kidato cha nne, muhula wa kwanza, mwanangu azunguka Mombasa na vyeti kwenye mfuko wa nailoni, atafuta pa kufanyia mtihani.

Swaleh 23:01
Na jina lake lilibaki kwenye mfumo wa wizara kwao. Wakati huo serikali ilikuwa imeweka shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kwenye kuhesabu pesa alikuwa mtoto wao. Kwenye kuhesabu pointi hakuwa wao.

Swaleh 23:02
Idi alipata C. Wala hakuwa na hiyo D yenu.

Maryam 23:20
Mimi sikuwa mwenyekiti. Nilikuwa mjumbe tu. Na si mimi niliyemtoa.

Maryam 23:21
Kesho asubuhi nataka majibu ya fomu.

*JUMATANO*

Rashid (Houston) 06:52
Salaam aleikum nyote. Huku bado ni Jumanne usiku, ndio natoka kazini. Nimesoma yote. Swaleh ndugu yangu, nitakupigia.

Kuhusu shule: huku Texas, Marekani, idara ya elimu ya jimbo yenyewe ndiyo hupa kila shule herufi, A mpaka F, kwa sheria ya 2017. Watu hupanga nyumba kwa kufuata hiyo herufi. Lakini wamejaribu kutotazama matokeo peke yake. Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni matokeo yenyewe. Ya pili ni maendeleo: mtoto mwaka jana alikuwa wapi na sasa yuko wapi, au shule yalinganishwa na zile zenye watoto wa hali kama zao. Ya tatu ni pengo baina ya makundi ya watoto, wakiwemo wanaojifunza Kiingereza na wenye ulemavu. Huchukua iliyo bora baina ya ya kwanza na ya pili, hiyo ni 70 kwa mia. Pengo ni 30.

Maana yake shule ya mtaa wa wanyonge, watoto wameingia chini wakainuliwa, yaweza kupata alama nzuri. Kwenye orodha ya Da Maryam shule kama hiyo haiwezi kuonekana hata ifanye nini.

Zuleha 07:10
F ni ya faluda?

Hassan 07:11
A ni ya achari, B ni bajia

Zuleha 07:11
C chapati D dengu 😂 shule gani hiyo nihamie

Maryam 07:15
Zuleha na wewe Hassan, nitawatoa kwenye kikundi, wallahi.

Rashid (Houston) 07:19
😄 Lakini sikilizeni na hili. Herufi nazo zina mambo yao. 2023 walipandisha kipimo. Kwenye sehemu ya wahitimu walio tayari kwa chuo, kazi au jeshi, sekondari ilikuwa yapata A ikifika 60. Ikatakiwa 88. Wilaya za shule zikaenda mahakamani, na herufi za mwaka huo hazikutoka mpaka Aprili 2025. Hesabu ya 2023 ya KCSE aliyotaja Hafswa na hii ni mamoja, kipimo kimehama. Na hapa Houston jimbo liliichukua wilaya nzima mwaka huo huo 2023, bodi iliyochaguliwa na watu ikawekwa kando, na chanzo kikubwa kilikuwa alama mbaya za mfululizo za sekondari moja. Herufi ina meno.

Rashid (Houston) 07:20
Nalala. Karo nitatoa, lakini si kwa kufuata lile bango.

Maryam 08:02
Haya. Nyote mwasema kama Ilham ni mjinga. Tazameni wenyewe, huyu ni mtoto wa shule ya juu.

Maryam 08:03
[Picha: ripoti ya muhula – Ilham]

Hafswa 08:05
Mama, futa picha hiyo tafadhali. Jina lake kamili na namba yake ya mtihani zinaonekana.

Maryam 08:06
Hapa ni familia.

Hafswa 08:11
Tuko watu 41 humu, na wengine si wa damu. Picha ikitoka huirudishi. Kuna sheria ya kulinda data ya 2019, na mtoto analindwa zaidi ya mtu mzima. 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Alama za mtoto nazo ni zake yeye na wazazi wake.

*Ujumbe huu umefutwa*

Zuleha 08:20
Nimeona ME1 ME1 EE2. Ndio nini hizo? Sisi tulizoea 350 kati ya 500.

Hafswa 08:34
Daraja ni nane. EE1 ni pointi 8, EE2 ni 7, ME1 ni 6, ME2 ni 5, hivyo hivyo mpaka BE2 pointi 1. EE ni amepita yaliyotarajiwa, ME ameyafikia, AE anayakaribia, BE yuko chini yake. Ilham yuko vizuri, mashallah.

Na kupangiwa Gredi ya 10 hakutazami mtihani wa Gredi ya 9 peke yake. Huo ni 60 kwa mia. Ule wa Gredi ya 6 ni 20, na kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8 ni 20. Arobaini nzima ishaingia, hakuna wa kuibadilisha sasa.

Hafswa 08:36
Na hili ndilo nililotaka kusema tangu jana tukapotezwa na mbaazi: KCSE ya mwisho ni 2027. Ilham yuko kwenye mtaala mpya, HATAFANYA KCSE. Bango lote lile ni la mtihani ambao yeye hatauona. Kinachomhusu ni kama shule ina masomo ya mkondo wake, walimu wake wapo kweli, maabara ina vifaa au ina mlango tu. Hayo hayapo kwenye orodha yoyote. Ni mtu kuenda na kuuliza.

Maryam 08:50
Basi nani ataenda? Maana kuandika hapa kila mtu ni hodari.

Maryam 12:30
Nauliza nani ataenda??

Hafswa 17:48
Mimi nitaenda kesho baada ya vipindi. Lakini mama yake aseme kwanza.

Hafswa 18:55
Nyanya alikuwa akisikiliza, Hassan alimsomea yote toka jana. Ametuma sauti, ataka iandikwe kama alivyosema kwa wasiofungua:

"Salaam aleikum wanangu. Maryam, nakushukuru kwa kuhangaika, wewe daima ndiye mwenye kuhangaika. Lakini Idi ni mjukuu wangu kama Ilham alivyo mjukuu wangu. Mwaka ule nilinyamaza kwa sababu nilidhani mtamaliza wenyewe. Hamkumaliza. Mimi sitaki kusikia mchango wa mtoto wa pili na wa kwanza hajaambiwa neno. Na shule itakayomhesabu mtoto wangu akiwa na faida na kumtoa akiwa hana, msimpeleke, hata iwe ya kwanza dunia nzima. Swaleh, nawe usiseme na dada yako usiku. Njooni kwangu."

*Wameona 33*

Zuleha 19:40
Inshallah Nyanya.

Hassan 19:52
Sawa Nyanya.

Rashid (Houston) 21:05
Nimesikia mama. Mungu akuweke.

*ALHAMISI*

Zainab 05:38
Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku, simu hairuhusiwi wodini. Da Maryam ahsante sana. Nimemuuliza mwenyewe. Ataka mkondo wa sayansi, na somo la kompyuta liwepo. Na ataka ya kutwa, alale nyumbani. Bweni hataki, amelia.

Maryam 05:45
Ya kutwa akae Likoni avuke feri kila alfajiri? Mtoto wa kike?

Zainab 05:51
Watoto wangapi wavuka, dada. Na ziko za upande huu pia.

Maryam 05:52
Upande huu hakuna hata moja kwenye orodha.

Hafswa 06:10
Mama 🙏🏽

Maryam 06:30
Haya. Zainab, fomu ina nafasi za kutwa na za bweni zote, hazijazwi za kutwa peke yake. Nitatoa nne za juu nilizoweka. Nyingine nitaziwacha mpaka Hafswa arudi. Hafswa uliza: walioingia wangapi na waliomaliza wangapi, mwalimu wa kompyuta ni wa kuajiriwa au wa kibarua, na wakimtoa mtoto humtoa kwa sababu gani. Waandike majibu, usiniletee maneno ya mdomo.

Hafswa 06:33
Nitaenda mbili za Likoni na moja ya kisiwani. Zaidi ya hapo sitawahi.

Zainab 06:40
Nitakuja nawe ile ya kwanza, kisha nilale.

Maryam 06:41
Mchango ubaki pale pale 15,000 mpaka tujue. Ya kutwa haitafika hapo lakini kuna sare na vitabu.

Maryam 06:42
Swaleh?

Maryam 13:15
Swaleh, Ijumaa baada ya swala nitakuwa kwa mama.

Hassan 13:50
Shangazi, baba ameona. Asema atajibu.

Maryam 13:51
Sawa. Hafswa ukifika ya kwanza nipigie, usisubiri jioni. Mtandao wa fomu huganda siku ya mwisho.