Dawa yenye florini kwenye plastiki zetu: tuizuie Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au tuiache ipite?

Mwenye mada, Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, juzi jioni nilikuwa kwa jirani akipika wali. Maji yalipokaribia kukauka akachukua sashe mpya (kifuko cha plastiki), akaipasua, akaitandaza juu ya wali ndani ya sufuria, akafunika. Wengi wetu tumekula wali wa namna hiyo toka utoto. Asubuhi sashe ile ile ikawashia makala kwenye mbabula (jiko la makala), na mtoto wa miaka mitatu amechuchumaa hapo hapo anaota moto.

Plastiki nyembamba hutengenezwa kwa kuyeyusha punje za polithini na kuzisukuma kwenye mwanya mwembamba wa chuma. Ukisukuma kwa haraka, plastiki inang'ang'ania chuma na inatoka na makwaruzo. Tangu miaka ya 1960 viwanda vinajua dawa yake: plastiki yenye florini, gramu mia kadhaa tu kwa tani, inapaka chuma kwa ndani na yote inateleza. Dawa hiyo ni ya ukoo wa PFAS, kemikali ambazo jua na vijidudu vya udongo haviziwezi.

Mmoja wa ukoo huo, PFOA, alitumika miaka mingi katika kutengeneza plastiki za florini. Yumo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali sumu zisizooza, tangu 2019, na Congo ni mwanachama wa mkataba huo. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka daraja la kwanza, la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kampuni ya 3M ya Marekani ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kutengeneza PFAS kufikia mwisho wa 2025, na Ulaya imeweka kikomo cha PFAS kwa vifungashio vya chakula kuanzia Agosti 2026. Naogopa mzigo utakaokosa soko kule utatafuta mlango kwingine. Mlango wetu tunaujua.

Kwa hiyo nasema hivi: gunia lolote la punje lisivuke Kasumbalesa bila karatasi inayosema halina florini. Nani anapinga, na kwa nini?

Fundi wa mashine, Kampemba

Mukubwa, mimi ni mwaka wa kumi na moja mbele ya mashine ya sashe. Umeeleza vizuri, ila kuna kitu umekiruka. Unadhani sisi ndio tunaotia dawa. Mara nyingi imo tayari ndani ya punje, imetiwa na aliyezitengeneza. Sisi tunapasua gunia na kumimina.

Mwaka jana bosi alileta punje ambazo hazina florini. Saa ya kwanza plastiki ilitoka mbaya, ukipitisha kidole unahisi kama magamba ya samaki. Tukaongeza joto, tukapunguza mwendo, tukachanganya na polithini ya aina laini ambayo haikwaruziki sana. Ikatulia. Lakini siku ile tulitoa mzigo mdogo kuliko kawaida, na umeme ulipokatika mchana tukaanza upya, maana plastiki ilikuwa imeungulia mdomoni mwa mashine. Dawa nyingine zipo, kuna za silikoni. Hizo nazo zina tabia zao: zikizidi, wino haushiki kwenye sashe na mshono unaachia. Sipingi. Nasema tu kwamba anayesema "badilisheni" aje asimame nasi zamu moja.

Mwanafunzi wa kemia, Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Tusiwatie mama zetu hofu isiyo na kipimo. Dawa ya mashine ni molekuli ndefu sana, si rahisi kupenya mwilini kama PFOA. Kwa wali peke yake mimi nisingeanzisha vita.

Hatari kubwa iko kwenye ncha mbili. Ya kwanza ni kiwandani inakozaliwa. Parkersburg, Marekani, PFOA ilitoka kwenye kiwanda cha plastiki za florini ikaingia maji ya kunywa. Watu karibu 69,000 walitoa damu ipimwe, na mwaka 2012 jopo la wanasayansi likasema kuna uhusiano unaoelekea kuwa wa kweli na magonjwa sita, ikiwemo saratani ya figo, saratani ya korodani na ugonjwa wa tezi ya shingo. Ncha ya pili ni moshi. Florini ikiungua kwa moto mdogo kama wa mbabula haipotei, inageuka gesi kali na vipande vidogo vidogo vyenye florini. Yule mtoto ananiumiza kuliko wali.

Muuza maji ya sashe, soko la Kenia hapa Lubumbashi

Mimi napinga, na sioni haya. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Njooni sokoni leo mhesabu meza zisizo na mifuko. Sasa mnataka karatasi nyingine mpakani? Karatasi inauzwa, na bei yake mwisho wa siku nailipa mimi. Natembea na beseni kichwani toka saa kumi na mbili, faida ya sashe moja ni ndogo sana. Nimelea wanne kwa maji haya. Anzeni na vumbi la migodi, hilo tunalipumua kila siku.

Mwenye mada

Mama, sikubishii juu ya vumbi. Ila vumbi tunaliona na tunalilalamikia. Hii haina rangi wala harufu. Kikomo walichoweka Marekani mwaka 2024 kwa PFOA kwenye maji ya kunywa ni nanogramu 4 kwa lita, na kuisafisha ikishaingia kisimani ni kazi inayozishinda hata serikali tajiri. Ndiyo maana nataka tuizuie ikiwa bado kwenye gunia. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, tayari wanakagua mizigo inayoingia, sidai ofisi mpya. Na moto wa mbabula hauhitaji amri, unahitaji sisi tuache kuuwasha kwa sashe. Nimeshaongea na jirani, ameanza kutumia vijiti vya mbao.

Papa Fundi, mtu anajuaje kama punje zina hiyo dawa?

Fundi wa mashine, Kampemba

Watengenezaji wa punje wana karatasi ya kiufundi. Humo kuna mstari unaotaja dawa za kuongezea, na siku hizi wengine wanaandika wazi kama hakuna PFAS. Baada ya swali lako nimeshuka depo na tochi. Tuna aina tatu za magunia. Ya kwanza imeandikwa haina. Ya pili imeandikwa inayo dawa ya kutelezesha, haisemi ya nini. Ya tatu haina karatasi kabisa, na ndiyo tunayotengenezea sashe za maji.