Tupeane uzoefu: mizani imegoma kushuka, wewe unajishikilia na nini?

Mleta mada
Habari zenu ndugu zangu. Naleta mada hii kwa sababu naona watu wengi wanaacha njiani, na wengi wao si wavivu hata kidogo. Wamebana chakula, wametembea, wamelala mapema, halafu wakipanda kwenye mizani namba ni ileile ya wiki iliyopita. Au imepanda. Hapo ndipo mtu anasema basi, mwili wangu ndivyo ulivyoumbwa.

Mimi nilianza na kilo 96, sasa hivi niko 84. Ukizisoma hivyo utadhani zilishuka mfululizo. Kuna kipindi kirefu nilikaa kwenye 89 bila kusogea, na kipindi hicho kilinitesa kuliko siku za kuanza. Kilichonivusha ni suruali. Ninayo moja ya kijivu, kitambaa kigumu kisichovutika, na kila Jumapili asubuhi naijaribu. Mwanzoni zipu iliishia katikati. Mizani ikiwa imeganda, zipu iliendelea kupanda. Ikafika juu ila kifungo hakigusi tundu, baadaye kikagusa nikibana pumzi, mwisho nikafunga na kukaa kitini bila kubanwa. Kilo zilezile, kiuno kingine. Nikaamua kuiamini suruali.

Ombi langu: kila mtu aeleze alichokiona mwenyewe. Ni kitu gani kilikufanya uendelee wakati hakuna kinachoonekana? Na tafadhali tusiuziane dawa wala chai za kuyeyusha mafuta.

Nesi wa Zamu
Asante kwa mada, imenigusa. Niko kwenye fani ya afya na mwenyewe nimepungua, kwa hiyo nayajua ya pande zote mbili.

Kilo moja ya mafuta ina nishati ya takribani kalori 7,700. Ili uiongeze kwa usiku mmoja, ungetakiwa ule kiasi hicho juu ya kile mwili ulichotumia, jambo ambalo halifanyiki kwa mlo wa kawaida. Ukiona umepanda kilo nzima tangu jana, karibu yote ni maji, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Chumvi ikizidi, mwili unashika maji. Wanga nao ni hivyohivyo: mwili unahifadhi sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake inakaa na takribani gramu tatu za maji. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kubana wanga watu wanashuka haraka na kushangilia, kisha wakila wanga siku moja kilo inarudi na wanalia. Furaha ile na kilio kile, vyote ni vya maji.

Sisi wanawake tuongeze na siku za kukaribia hedhi. Mimi wiki yangu naijua: pete inabana, miguu inajaa, mizani inapanda. Siku hizi naichukua wiki hiyo na kuilinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kuilinganisha na juzi nimeacha kabisa, na moyo umetulia.

Dada Mpole
Nesi, ubarikiwe. Nimeanza mazoezi ya kunyanyua vyuma, mwili mzima unauma, na nimepanda kilo moja na ushee. Nilikuwa nimeshaamua kuacha.

Nesi wa Zamu
Usiache, mpenzi. Misuli ikipewa kazi iliyokuwa haijaizoea inavimba kidogo na kuvuta maji wakati inajitengeneza. Ikishazoea, yanaondoka. Kwa sasa andika uzito wa vyuma unavyonyanyua. Hiyo namba itapanda, na utaifurahia.

Mwalimu wa Hesabu
Mimi napima kila siku, na ninajua wengi watashangaa. Asubuhi, nikishatoka chooni, kabla sijala wala kunywa, mizani iko palepale kwenye sakafu ngumu. Siri ni kwamba namba ya siku siijali. Nazijumlisha saba, nagawa kwa saba, nabaki na wastani wa wiki.

Mfano wa wiki moja kwenye daftari langu: 91.2, 90.6, 91.5, 90.9, 91.8, 91.0, 90.7. Wastani ni 91.1. Wiki iliyotangulia wastani ulikuwa 91.4. Nimeshuka gramu 300. Sasa fikiria mtu anayepima mara moja tu kwa wiki, ikaangukia siku ile ya 91.8. Angeondoka pale akiamini amenenepa, wakati wiki yake ilikuwa nzuri kabisa. Gramu 300 kwa wiki ni zaidi ya kilo moja kwa mwezi, lakini kwa macho huwezi kuziona kwa sababu mawimbi ya kila siku ni makubwa kuliko hizo gramu.

Nimeificha Mizani
Mwalimu, naiheshimu hesabu yako, ila tusimshauri kila mtu apime kila siku. Wapo ambao namba ya asubuhi inawaamulia siku nzima, na mimi ni mmoja wao. Ikishuka nacheka na watu, ikipanda sitaki hata kuongea na watoto. Mizani nimempa dada yangu akae nayo kwake. Napimwa kliniki tu, nikienda kuangaliwa presha.

Na presha ndiyo iliyonishika mkono. Miezi yote ambayo hakuna mtu aliyeniambia "umepungua", ile mashine ya mkononi ilikuwa inaniambia. Namba ya juu ikashuka polepole, kila nikirudi iko chini kidogo, hadi daktari akanipunguzia dozi. Ni daktari aliyepunguza, jamani. Mtu asije akasoma hapa akaacha vidonge vyake.

Nesi wa Zamu
Hilo la presha lina ukweli mkubwa. Kwa wastani, kila kilo inayoondoka inashusha presha kwa takribani pointi moja. Kioo hakiwezi kukuonyesha hilo.

Baba Pacha
Kwangu ni magoti. Tunakaa juu, na nyumba haina lifti. Kupanda kulikuwa kugumu lakini kushuka ndiko kulikoniumiza zaidi. Nilikuwa nashuka ubavuubavu, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi. Siku moja nikajikuta niko chini kabisa, nimembeba mtoto mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, na chuma sikukigusa. Nilisimama pale chini nikatazama juu. Uzito wangu ulikuwa umepungua kilo nne tu, na mke wangu alikuwa bado hajaona tofauti.

Daktari wa mifupa alinieleza kwamba kila kilo unayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua. Kwa hiyo zile nne zangu, goti liliziona kama kumi na sita. Toka siku hiyo sijauliza tena kama kitambi kimeisha.

Sukari ya Mpakani
Niliambiwa sukari yangu iko mpakani, bado si kisukari lakini nikijisahau nitafika. Nilikuwa na picha kichwani kwamba lazima niwe mwembamba ndipo nipone, na kwa mwili wangu huo ulikuwa mlima.

Kilichonipa nguvu ni utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu wenye hali kama yangu. Kundi moja liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Waliopata kisukari kwenye kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 ukilinganisha na wale ambao hawakupewa mpango huo. Asilimia 7! Kwa mtu wa kilo 100 ni kilo saba. Ukikutana naye njiani unaweza usigundue chochote, bado ni mtu mnene, na huku ndani mambo yamegeuka. Niliposoma hapo nikaacha kusubiri watu wanisifie.

Kijana Mwenye Haraka
Wakuu, nimekwama wiki kadhaa. Nafikiria kushuka hadi mlo mmoja mdogo kwa siku, kazi iishe mara moja. Kuna aliyefanya?

Mwalimu wa Hesabu
Kijana wangu, subiri kwanza. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Minnesota kilianza jaribio chini ya mtaalamu Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, walilishwa nusu shibe kwa karibu miezi sita. Walikonda, ndiyo. Lakini pia waliwaza chakula mchana na usiku, wakawa wakali, wakasikia baridi muda wote, wakakosa hamu ya karibu kila kitu. Na zingatia hili linalotuhusu hapa: miguu yao ilivimba maji, kiasi kwamba mizani haikuonyesha yote waliyoyapoteza.

Mwili ukipungua nao unatumia nishati kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo kukwama kunakuja kwa karibu kila mtu. Punguza kidogo au tembea zaidi kidogo, kisha wape hao wastani wa wiki muda wazungumze. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na ukishakaa sana kwenye safari hii hata chini ya hapo si vibaya.

Kijana Mwenye Haraka
Nimekuelewa mwalimu. Naanza daftari kesho asubuhi.

Mama Uvumilivu
Naomba niseme la upande mwingine, kwa sababu watu wanatiana moyo hapa na ni vizuri, lakini mimi kutiwa moyo kulinichelewesha. Kila mtu aliniambia "komaa, utaona". Nilikomaa. Sikupungua hata kidogo, nikawa nachoka ajabu, nasikia baridi wenzangu wakiwa na joto, nywele zinatoka kwenye kitana kwa mafungu, choo kigumu. Nikaenda kupima damu. Ikakutwa tezi ya thairoidi, hii iliyo shingoni, imelegea kazi. Nimeanzishiwa dawa, uchovu umeondoka, na sasa juhudi zangu zinazaa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa na dalili za namna hiyo, usijilaumu kuwa huna moyo. Nenda ukapimwe. Na kama kuna dawa unayotumia kila siku, muulize daktari kama inaongeza uzito. Zipo, na mara nyingine inawezekana kubadilishiwa.

Mleta mada
Mama, shikamoo na asante sana. Natamani kila mmoja akusome kabla ya kunisoma mimi.

Dada Mpole
Na mimi niulize jambo dogo. Suruali ya kijivu sina, nguo zangu zote zinavutika. Naweza kutumia futi ya fundi? Kila nikijipima napata namba tofauti.

Mleta mada
Unaweza, na ni nzuri kuliko suruali. Tofauti inatokana na kupima sehemu tofauti. Usitafute pale panapoonekana pembamba. Papasa ubavuni upate mwisho wa mbavu, kisha papasa upate juu ya mfupa wa nyonga, futi ipite katikati ya hapo. Isimame sawa mbele na nyuma. Jitazame kwenye kioo cha pembeni au mwombe mtu. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma mwisho wa pumzi. Futi iguse ngozi bila kuibana. Fanya mara mbili, na zikipishana zaidi ya sentimita moja rudia.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya magonjwa inaanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume, na inakuwa kubwa zaidi kuanzia 88 na 102. Ila wewe jilinganishe na namba yako ya mwezi uliopita kwanza. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Dada Mpole
Nimepima sasa hivi, mara mbili, zote 97. Nimeandika na tarehe. Na vyuma kesho naenda.

Baba Pacha
Safi sana dada. Andika na uzito wa vyuma pembeni, kama nesi alivyosema.