Hadithi fupi isiyo na msuko: dhamira yake tuitafute wapi?

Mleta mada

Wadau wa fasihi, naleta hoja inayotugawa kila tunapokutana na hadithi fupi za majaribio, zile ambazo ukimaliza kuzisoma unarudi ukurasa wa kwanza kuhakikisha hukuruka kitu. Kuna wanaosema hadithi isiyosimulika haina msuko (matukio yaliyofungamana kwa sababu), na isiyo na msuko haina dhamira (wazo kuu), ni maneno tu yamepangwa. Kuna wanaosema msomaji aachwe afasiri apendavyo, kila tafsiri ni sahihi. Mimi siko kote kuwili.

Wengi wetu tulifundishwa kuigawa kazi mafungu mawili, fani na maudhui. Kwenye fani tunaweka muundo, mtindo, wahusika, mandhari na lugha. Kwenye maudhui tunaweka dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa. Kwa hadithi ya kawaida mgawanyo huu haudhuru sana. Mgogoro unapanda, unafumuliwa, nawe unachuma dhamira mwishoni. Kwenye hadithi ya majaribio unakwama, kwa sababu mwandishi ameyachukua maudhui akayafungia ndani ya fani. Ukitenganisha unabaki mikono mitupu, halafu lawama zinamwendea mwandishi.

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alitoa mfano mwaka 1927 ambao bado unatajwa kila mahali. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa: hayo ni masimulizi. Mfalme alikufa, kisha malkia akafa kwa huzuni: huo ni msuko, kwa kuwa sababu imeingia. Sawa. Lakini ni lazima hiyo "kwa huzuni" iandikwe? Mwandishi wa majaribio anaifuta makusudi. Msomaji anaona vifo viwili na pengo katikati, analijaza mwenyewe, na msuko unatokea hapo. Kwa hiyo nasema msuko haujapotea. Umehama kutoka wanayoyafanya wahusika kwenda anayofanyishwa msomaji, na dhamira ifuatwe hukohuko.

Chukueni "Signs and Symbols" ya Vladimir Nabokov, mwandishi Mmarekani mzaliwa wa Urusi, ya mwaka 1948. Wazee wawili wahamiaji nchini Marekani wana mtoto wa kiume aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni siku yake ya kuzaliwa, wanampelekea kikapu chenye vichupa kumi vya jeli za matunda. Njiani treni inazimika katikati ya vituo. Wakifika wanaambiwa amejaribu tena kujiua, hawawezi kumwona. Wanarudi na kikapu chao. Usiku wa manane baba anaamua kwamba watamleta nyumbani. Simu inalia: msichana anamtaka Charlie, amekosea namba. Inalia tena, ni yuleyule, mama anamweleza kwamba anazungusha herufi O badala ya sifuri (ni simu za zamani, za kisahani cha kuzungusha chenye namba na herufi). Wanakaa kunywa chai, baba anasoma lebo za vichupa kimoja baada ya kingine. Simu inalia mara ya tatu. Hadithi imekwisha.

Karibu kila ninayemsomesha hadithi hii anasema simu ya tatu imetoka hospitali, kijana amekufa. Hakuna mstari unaosema hivyo. Tumefika huko kwa kuokota vitu njiani: treni iliyozimika, kinda la ndege linalotapatapa kwenye dimbwi, msichana anayelia ndani ya basi. Tumevifanya vyote vizungumze habari moja. Na ugonjwa wa kijana ni upi? Anaamini kwamba mawingu, miti na kokoto vinamzungumzia yeye. Yaani hadithi imetufanyisha kile anachokifanya mgonjwa. Mtu akijibu "dhamira ni mateso ya wazazi" hajakosea, ila ameishia mlangoni.

Msomaji tu

Mkuu, umeeleza vizuri, ila umejichagulia mfano mwepesi. Hadithi hiyo ina msuko kamili hadi dakika ya mwisho. Wazee wanatoka, wanakataliwa, wanarudi, wanaamua. Kilichokosekana ni jibu moja tu. Tuletee ile ambayo ukiulizwa imehusu nini unakodoa macho.

Halafu hiyo ya "anayofanyishwa msomaji" ina mwanya mkubwa. Asiyejua kuandika naye ananifanyisha kitu: ananichosha. Basi naye ana msuko? Tukienda hivyo hakutakuwa na hadithi mbovu tena duniani, kutakuwa na wasomaji wazito wa kuelewa. Nimechoka kuambiwa sijaelewa kila ninaposema kitu hakijaandikwa vizuri.

Mleta mada

Hiyo hasira naielewa, na mara nyingi ina haki. Zipo hadithi zilizovurugwa ili kuficha kwamba hazina la kusema.

Kipimo changu ni hiki: hamisha aya. Itoe ya tano, ipeleke mwisho. Kama hakuna kilichobadilika kwa msomaji, basi hakukuwa na mpangilio, na bila mpangilio sioni msuko wa kutetea. Kama kitu kimeharibika, jiulize ni kitu gani, maana hapo ndipo mwandishi alipofunga fundo.

Umetaka ngumu. Robert Coover, mwandishi Mmarekani, "The Babysitter", 1969. Msichana anafika kulea watoto saa moja na dakika arobaini jioni, wazazi wanakwenda kwenye sherehe. Kisha hadithi inakatikakatika vipande vingi vifupi vinavyopingana. Katika kimoja jioni inapita salama, katika kingine kuna vifo, katika vingine tuko ndani ya tamaa za baba mwenye nyumba au za vijana wawili walio nje. Hakuna kipande kinachotangazwa kuwa ndicho kilichotokea. Na muda wote televisheni imewashwa, stesheni zinabadilishwa.

Jaribu kuisimulia, utashindwa. Lakini angalia umefanyishwa nini: umebadilisha stesheni. Umeruka kutoka tamaa hadi mauaji bila kupumua, ukitaka kinachofuata. Mwishoni mama mwenye nyumba anapewa habari kwamba watoto wameuawa, mume hayupo, kuna maiti kwenye bafu, naye anataka kuona filamu gani inaonyeshwa. Kihamishe kipande hicho katikati uone. Kikiwa katikati ni kichekesho kimoja kati ya vingi, kikiwa mwisho kinamgeukia msomaji mwenyewe, kwa sababu hata yeye alikuwa anangojea kinachofuata.

Mwandishi wa hadithi fupi

Naomba kutofautiana kuhusu kipimo cha kuhamisha aya. Mwaka huohuo wa 1969 mwandishi Mwingereza B. S. Johnson alitoa *The Unfortunates*, riwaya iliyouzwa ndani ya sanduku, sehemu 27 zisizounganishwa kwa gundi wala uzi, msomaji azichanganye anavyotaka. Kwa kipimo chako haina msuko. Kwangu ni kazi iliyopangwa kwa akili sana: mtu anamkumbuka rafiki aliyekufa kwa saratani, na kumbukumbu za msiba haziji kwa foleni.

Jambo la pili. Nikiandika sijui dhamira. Naanza na sauti, au na sentensi inayonisumbua, na dhamira huwa naambiwa na wasomaji. Kwa hiyo "mwandishi alikusudia nini" ni swali ambalo mwandishi mwenyewe anaweza kulijibu vibaya. Wanadharia wa Kimarekani Wimsatt na Beardsley walilisema hilo mwaka 1946, kwamba kusudio la mtunzi si kipimo cha kuhukumia kazi yake. Mimi nalijua kwa kuliishi.

Mleta mada

Kuhusu Johnson: sehemu ya kwanza na ya mwisho ziliwekewa alama, hazichanganywi. Hata aliyeamua kuvunja kila kitu hakuthubutu kuachia mlango wa kuingilia na wa kutokea. Na huko kuchanganya ndiko tunakofanyishwa: mikono ya msomaji inapanga msiba ambao haupangiki. Aliyezigandisha zile 27 kwa mpangilio mmoja angekuwa ameua kazi. Kipimo kimenijibu, ila kwa upande wa pili.

Kuhusu kusudio, nakupinga nusu. Nabokov alimwandikia mhariri wake wa jarida la The New Yorker mwaka 1951 kwamba baadhi ya hadithi zake, hii ya wazee ikiwamo, zina hadithi ya pili, ndiyo kuu, iliyofumwa nyuma ya ile inayoonekana. Kwa hiyo kusudio lilikuwapo. Hakusema ni ipi. Barua hiyo inatuambia tuchimbe, haituambii tutakuta nini.

Mwalimu wa fasihi

Ninyi mnafurahia, mimi nina madaftari mezani. Ndugu mleta mada, mwanafunzi akiniandikia "dhamira ya hadithi hii ni kwamba ukweli haupo, kila mtu ana wake", nimpe alama ngapi? Maana jibu hilo linafaa kwa kila hadithi ya majaribio iliyowahi kuandikwa, na wanafunzi wameshaligundua.

Nitatoa mfano ninaoutumia darasani. Mwandishi wa Kijapani Akutagawa Ryūnosuke ana hadithi ya mwaka 1922 kuhusu samurai, yaani askari wa Japani ya kale, aliyekutwa amekufa kichakani. Haina msimulizi, ni ushahidi wa watu saba uliowekwa mmoja baada ya mwingine. Jambazi anasema nimemuua mimi, tena kwa kupigana naye kwa haki hadi pigo la ishirini na tatu. Mke anasema nimemuua mimi, kwa sababu alinitazama kwa dharau. Marehemu mwenyewe, kwa kinywa cha mganga anayeongea na wafu, anasema nimejiua.

Darasa zima linaandika "ukweli haujulikani". Kisha nawauliza: mmewahi kuona kesi ya mauaji ambapo washukiwa wanagombania hatia? Wananyamaza. Wote watatu wanajitwika kifo. Hakuna anayekimbia kosa, wanakimbia aibu. Jambazi anataka aonekane shujaa, mke hataki kuonekana ameachwa kwa dharau, mume hataki kuonekana ameuawa kama mbuzi. Heri kuwa muuaji kuliko kuwa mnyonge: hapo ndipo naiona dhamira, na siioni kwenye ushahidi wowote ukiusoma peke yake. Inatokea pale maelezo hayo matatu yanapowekwa jirani. Mwanafunzi aliyeiona amesoma mpangilio. Aliyeandika "ukweli haupo" amesoma jalada.

Kwa hiyo si kila tafsiri ni sawa, ila kipimo changu si jibu. Ni mstari. Nionyeshe mstari unaokupeleka huko, na nionyeshe unaokuzuia.

Msomaji tu

Mwalimu, hapo umenipata kuliko mkuu. Hiyo ya kugombania hatia sikuwahi kuiona, na nilishaisoma. Ila kumbuka imeonekana kwa sababu kila ushahidi, ukiusoma wenyewe, una msuko ulionyooka kabisa. Akutagawa alinipa vitu vitatu vinavyosimulika, ndiyo maana nikaweza kuvipambanisha. Wengi wa kisasa wanatupa vipande visivyosimulika hata kimoja kimoja, halafu wanataka tulinganishe ukungu na ukungu.

Mleta mada

Nakubali kwa sehemu kubwa. Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991) malalamiko yalikuwa hayohayo, na hizo ni riwaya, zina nafasi ya kumlea msomaji polepole. Hadithi fupi haina nafasi hiyo. Ikivunja wakati, mhusika na sababu kwa pamoja, msomaji hana pa kushika. Zinazofaulu huacha kitu kimoja kizima. Nabokov aliacha siku ya wazee bila kuigusa, akavunja sekunde ya mwisho tu.

Mchangiaji mpya

Nimefuatilia kimya, naongeza kitu kuhusu ile simu ya tatu kwenye hadithi ya Nabokov. Kwenye simu za Marekani za kuzungusha herufi O iko pamoja na M na N kwenye namba 6. Msichana anazungusha sita badala ya sifuri. Sasa hesabuni vichupa. Baba amesoma lebo nne, amefika ya tano simu ikalia. Kinachofuata ni cha sita! Sita ni namba ya kukosea. Kwa hiyo simu ya tatu ni ya msichana tena, na kijana yu hai.

Mleta mada

Nimekipenda hiki, tena kuhusu kisahani cha simu uko sahihi. Ila lebo ya sita haijasomwa. Haipo kwenye ukurasa. Umefasiri kitu ambacho hakikuandikwa.

Mchangiaji mpya

Na kifo cha kijana kimeandikwa wapi? Wewe mwenyewe umesema hakuna mstari.

Mleta mada

Kifo hakikuandikwa, lakini hofu ya kifo imeandikwa. Baada ya simu ya kwanza mama anasema imemtisha. Amejaribu kujiua, tumeambiwa. Hadithi yenyewe imeijaza simu woga kabla haijalia mara ya tatu. Kichupa cha sita hakijajazwa kitu na yeyote isipokuwa wewe.

Mchangiaji mpya

Hofu ya mama inathibitisha kwamba mama anaogopa. Haithibitishi nani amepiga. Mstari wa mama kuhusu sifuri na O nao umeandikwa, tena kwa urefu, na ninyi mnauruka kwa sababu hauwatoi machozi. Mwandishi anayejali kila neno angepoteza sentensi nzima kueleza kosa la namba bila sababu?

Mleta mada

Hapo kuna hoja. Kosa la namba linasukuma upande wa msichana kwa nguvu ileile ambayo hofu inasukuma upande wa hospitali, na nadhani Nabokov amepima mizani hiyo kwa makusudi. Kichupa bado sikikubali.

Mwalimu wa fasihi

Ningempa alama zote za sifuri na O, na nusu ya kichupa kwa kuhesabu. Swali langu la muhula ujao limeshapatikana.