Chuo cha DO kinachukua ada yangu yote, nikiomba kufanya utafiti napigwa danadana miezi tisa

Wakuu, uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Niko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Marekani, kwenye chuo cha DO. Kwa wasioelewa, na ni wengi maana hata mjomba wangu Morogoro bado anawaambia watu nasomea kuunga mifupa: huku kuna njia mbili za kuwa daktari kamili, MD (shahada ya kawaida ya udaktari) na DO (udaktari wa osteopathi). DO anaandika dawa, anapasua, anasimamia ICU, sawasawa na MD. Sisi tunaongezewa takribani saa 200 za tiba ya mikono, urithi wa Andrew Taylor Still aliyefungua chuo cha kwanza Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Yule osteopathi unayemsikia Uingereza ni fani nyingine, si daktari. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani leo wako vyuo vya DO, kwa hiyo nisiambiwe nalalamikia kitu kidogo.

Tatizo lilipoanzia ni hapa. Zamani DO walikuwa na programu zao za residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini baada ya kuhitimu. Mwaka 2020 mifumo miwili ikamaliza kuunganishwa, sasa wote tunagombea nafasi kwenye chungu kimoja. Mwanzoni mtoto wa DO alikuwa na silaha moja: anafanya USMLE, mtihani wa leseni wa watu wa MD, juu ya COMLEX, mtihani wetu wa DO, anapata alama kubwa, mlango unafunguka. Mwaka 2022 hatua ya kwanza ya mitihani yote miwili ikawa ya kufaulu au kufeli tu. Namba imeondoka. Wanaochagua wanatafuta kingine cha kututofautisha, na kimojawapo kikubwa ni utafiti. Takwimu za 2022 za Match, mfumo wa kugawa nafasi za residensi, zilionyesha wanafunzi wa MD waliopata nafasi za upasuaji wa ubongo walikuwa na wastani wa zaidi ya 25 ukijumlisha ikisiri, mabango na machapisho. Mimi sitaki ubongo, nataka tiba ya ndani na baadaye moyo, lakini hospitali kubwa za kufundishia nazo zinauliza swali lilelile: umetafiti nini?

Sasa sikieni kilichonipata.

Nilipelekwa rotesheni, yaani mafunzo ya vitendo wodini, kwenye hospitali ndogo ya mji wa wakulima, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka chuoni. Vyuo vyetu vingi havina hospitali yao, vinatutawanya kwenye hospitali za watu. Wodini nikaona wazee wenye moyo kushindwa kufanya kazi wanaruhusiwa Jumatatu, baada ya wiki mbili wamerudi wamevimba miguu, wanahema. Karatasi ya kuruhusiwa inasema ajipime uzito kila asubuhi, ukipanda ghafla apige simu. Siku moja nikamuuliza bibi mmoja, una mizani nyumbani? Akasema hana. Nikamuuliza wa pili, hana. Nikaanza kuwauliza wote.

Huo ni utafiti, wakuu. Hauhitaji maabara wala panya. Unafungua mafaili ya miaka miwili, unahesabu ni wangapi waliulizwa kuhusu mizani kabla ya kuondoka na wangapi walirudi ndani ya siku 30. Na hospitali yenyewe ina maslahi hapo, kwa sababu tangu Oktoba 2012 Medicare, bima ya serikali ya wazee, inapunguza malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wa moyo wa aina hii wanarudi kupita kiasi. Daktari aliyenisimamia alifurahi, akasema andika, nitaweka sahihi.

Nikaandika. Nikafanya kozi zote za maadili ya utafiti za mtandaoni, nikafaulu. Nikapeleka kwenye kamati ya maadili ya chuo. Jibu: mafaili ni ya hospitali, leta kibali cha hospitali. Nikaenda hospitali. Jibu: hatuna kamati, waulize makao makuu ya kampuni inayotumiliki. Makao makuu: wewe si mwajiriwa wetu, kamati ya chuo chako ndiyo ibebe dhamana, mkubaliane kwa maandishi. Nikarudi chuoni. Chuo: makubaliano ya namna hiyo na hospitali ile hatujawahi kuwa nayo, tunalipeleka kwa mwanasheria. Mwanasheria alikaa nalo wiki 11 bila kujibu hata barua pepe moja.

Rotesheni ikaisha. Nywila yangu ya kuingia kwenye mafaili ikafungwa siku hiyohiyo. Daktari msimamizi akahamia jimbo jingine. Miezi tisa, na hakuna faili hata moja lililofunguliwa.

Mtu asinijie hapa kusema maadili ni muhimu. Najua. Mimi ni mweusi ndani ya nchi hii na nimesoma habari za utafiti wa serikali kule Tuskegee, Alabama: wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende, wakulima maskini, wanatazamwa tu bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972. Kwa sababu ya ile dhambi zikaja sheria ya 1974 ya kuwalinda watu wanaotafitiwa na Ripoti ya Belmont ya 1979 yenye misingi ya maadili ya utafiti. Nataka kamati iwepo, na iwe kali. Lakini kamati iliyousoma mradi wangu ikaukataa ingenifundisha kitu. Huku hakuna aliyeusoma! Wametupiana bahasha bila kuifungua.

Dada mmoja wa kanisani kwetu yuko chuo cha MD kwenye jiji lilelile. Kwao kuna ofisi ya utafiti, kuna mtaalamu wa takwimu wa kukaa na mwanafunzi, kuna mfuko wa kulipia safari ya mkutano. Tangu awe na wazo hadi apate kibali ilimchukua wiki tatu. Sina kinyongo naye hata kidogo. Lakini fomu zetu zitawekwa kwenye meza moja, na atakayezisoma ataona yeye ana machapisho na mimi sina, ataniona mvivu.

Nilimwandikia profesa wa hospitali kubwa ya chuo kikuu nikijitolea kufanya kazi bila malipo, hata kuingiza data usiku. Alijibu mistari miwili: wanafunzi wetu wa hapa kwanza. Angalau alijibu. Wanaojibu haraka ni wale wa majarida ya kulipia, kila asubuhi wananiita mtafiti mashuhuri na kuniomba dola nichapishiwe chochote. Nawajua wenzangu waliolipa. Siwalaumu sana, wamesukumwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fani yetu ndiyo yenye njaa ya ushahidi kuliko wote. Tunafundishwa tiba ya mikono, mgonjwa akiuliza inafanya kazi kweli tunamjibu nini? Jaribio la maumivu ya mgongo lililochapishwa mwaka 1999 kwenye New England Journal, jarida kubwa la udaktari, lilikuta makundi mawili yakipata nafuu sawa, ila waliotibiwa kwa mikono walitumia dawa chache. Lile la nimonia kwa wazee, la 2010, lilikuwa na watu 406, na lilipochambuliwa kwa kuhesabu wote walioingizwa, tofauti ya maana haikuonekana. Mwaka 2021 Wafaransa wakatoa la wagonjwa 400 wa mgongo, faida ikawa ndogo mno. Haya ni maswali yetu sisi. Nani ayajibu kama si wanafunzi wanaoshinda darasani wakishikana migongo miaka miwili? COCA, chombo kinachovithibitisha vyuo hivi, kina kigezo kizima kuhusu utafiti. Chuo changu kinakitimiza kwa siku moja ya kubandika mabango ya utafiti kila masika, tunapiga picha, picha zinaingia kwenye kipeperushi cha kuvutia wanafunzi wapya.

Zilizonivuta mimi ni hizo picha.

Ninachotaka kutoka chuoni ni kitu kimoja: kila hospitali mnayotupeleka, mkataba wa mapitio ya maadili usainiwe kabla ya mwanafunzi wa kwanza kukanyaga pale. Mwanasheria mnamlipa tayari. Bima yetu na chanjo zetu mnazimaliza kabla hatujaripoti, hili mnashindwaje?

Kama uko chuo cha DO, au ulimaliza, andika hapa chini: ulisubiri kibali muda gani, na mradi uliishia wapi. Usitaje jina la chuo wala la daktari, taja hali tu. Kikao cha wanafunzi na mkuu wa chuo ni Alhamisi ijayo na nimeomba nafasi ya kuzungumza. Nimepewa dakika tano.